Mofini yangu ina saa zake

Watu wakisikia natumia mofini, dawa kali ya maumivu, hushusha sauti. Shangazi yangu alinishika mkono akaniuliza kama nimeshaandika wosia. "Shangazi," nikamwambia, "bila hiyo dawa ungenikuta nimejikunja kitandani, si hapa sebuleni." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama haitanifanya teja. Hilo ni swali la maana, nami nilimjibu kama nilivyoelezwa na muuguzi: mwili kuizoea dawa ni jambo moja, uteja ni jambo jingine. Kwa sababu mwili umeizoea, siwezi kuiacha ghafla. Ikibidi, daktari ataipunguza kidogo kidogo.

Saratani yangu ilianzia kwenye titi, ikafika mifupa ya nyonga na uti wa mgongo. Maumivu yake hutafuna mfululizo, kama jino bovu lililohamia kiunoni. Usiku nikitaka kugeuka hukunja magoti kwanza, nikashika ukingo wa kitanda, halafu nikabiringika mzima mzima, mabega na nyonga pamoja. Nikisahau nikajipinda, nyumba nzima inaamka.

Mofini ninayotumia ni ya maji, na nguvu yake hukaa takriban saa nne. Kwa hiyo nakunywa kila baada ya saa nne, niwe naumwa au siumwi. Hapo ndipo wageni hubishana nami: "Kama leo uko sawa, si uiache?" Niko sawa kwa sababu nimekunywa! Ukingoja maumivu yapande ndipo ukimbilie chupa, utahangaika sana kuyashusha. Cicely Saunders, daktari aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona) ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alisisitiza mgonjwa apewe dawa kabla maumivu hayajarudi, na Shirika la Afya Duniani likaweka kanuni hiyo ya kufuata saa katika mwongozo wake wa 1986. Dozi ya kulala daktari ameniandikia mara mbili ya kawaida ili nisiamke usiku wa manane kunywa nyingine. Ipo pia dozi ya ziada, ya maumivu yanayochomoza katikati. Hiyo naitumia nusu saa hivi kabla ya kuoga, maana kuinua mguu kuingia bafuni ndiyo kazi yangu kubwa ya siku.

Tuongee na habari ya choo, ambayo watu huionea haya. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo viliniondoka baada ya siku chache. Kufunga choo hakuondoki. Dawa ya kulainisha choo nainywa kila siku pamoja na mofini, na aliyeandikiwa mofini bila hiyo na aulize kabla hajatoka kwa daktari.

Miguu ina kesi yake. Tibakemia, yaani dawa za kuua saratani, iliniachia ganzi na moto kwenye nyayo, na kwa huo mofini hainisaidii sana. Napewa amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, kidogo usiku, na soksi navaa nje ndani ili mshono usiniguse vidole. Nyonga nayo ilipigwa mionzi, mara moja tu. Siku za kwanza iliuma zaidi, nikadhani nimedanganywa. Nafuu ilikuja taratibu, wiki kadhaa baadaye.

Nikiulizwa maumivu ni namba ngapi kati ya sifuri na kumi, nataja namba, lakini naongeza nilichoshindwa: leo sikufika kwenye kidole kukata kucha, jana nilikaa kitini mpaka taarifa ya habari ikaisha. Daktari wangu huandika hayo zaidi ya namba.

Lipo jambo moja ambalo halingoji kuandikwa wala kliniki ijayo: miguu kulegea ghafla, ganzi mpya sehemu za siri, au kushindwa kuzuia mkojo au choo. Hapo huenda uti wa mgongo umebanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama utatembea tena. Mume wangu anajua. Akiniona naburuta mguu asiniulize najisikiaje, awashe gari.