Kabla ya Kuimba: Kipindi cha Muziki katika Gredi za Chini

Katika shule nyingi za msingi ninazozifahamu hapa Kisumu, mtoto wa gredi ya kwanza hupimwa kwa nguvu ya koo lake. Anayepaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamtoka ndiye anayesifiwa kuwa mwimbaji, na ndiye anayewekwa mstari wa mbele wageni wakija. Sina ugomvi na shangwe, wala na Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo historia yake inaanzia 1927 na ambalo limewafanya walimu wengi, mimi nikiwemo, waipende kazi hii. Hata hivyo, maandalizi ya jukwaani ni jambo moja na kipindi cha dakika 30 darasani ni jambo jingine. Msimamo wangu ni kwamba katika miaka mitatu ya kwanza stadi inayopaswa kutangulia ni kusikiliza, kwa kuwa mtoto asiyeweza kunyamaza pamoja na wenzake hataweza kuimba pamoja nao.

Ndiyo maana shughuli ninayofungulia muhula haina wimbo wowote. Ninapiga ngoma kwa mwendo wa kutembea, watoto wanazunguka uwanjani wakifuata mapigo, na ngoma ikinyamaza kila mmoja husimama pale pale alipo. Nikiharakisha, wanaharakisha, nikipunguza mwendo, nao wanapunguza. Wakishauzoea mchezo huo, ninasimama nyuma ya mti wasipoweza kuniona, kwa maana wengi wao hugunduliwa hapo kwamba walikuwa wakiutazama mkono wangu badala ya kuisikia ngoma.

Shughuli ninayoithamini kuliko zote inahitaji chupa ndogo za maji zilizotumika, zote za ukubwa mmoja. Ninatia punje za wimbi katika chupa mbili, mchanga mkavu katika mbili nyingine, kisha maharagwe, kisha mahindi, na kila chupa ninaijaza hadi theluthi yake tu, kwa sababu ikijaa sana punje hukosa nafasi ya kurukaruka na sauti hufa. Vifuniko ninavibandika kwa gundi imara, jambo ambalo mwalimu asilidharau, kwani mtoto wa miaka sita akiipata punje ya haragwe mkononi, safari yake ya pili ni puani. Kisha ninazifunika chupa zote kwa karatasi ili kilichomo kisionekane, ninazigawa, na kumwagiza kila mtoto aliyepata chupa amtafute mwenzake mwenye sauti kama yake, bila kusema neno.

Mwanzoni huwa ni vurugu tupu: kila mmoja anatikisa chupa yake kwa nguvu zote na hakuna anayesikia cha mwenzake. Mimi siingilii. Baada ya muda wanatambua wenyewe kwamba lazima mmoja atikise na mwingine asubiri, na ghafla darasa ambalo nisingeweza kulinyamazisha kwa kuligombeza linakuwa tulivu kiasi cha kusikia mchanga ukiteleza ndani ya plastiki. Wakishapata wenzi wao, tunazipanga chupa kuanzia yenye sauti hafifu hadi yenye sauti kali. Msichana mmoja aliwahi kuniambia, “Mwalimu, hii ya wimbi inanong’ona, hiyo ya mahindi inagombana,” na tangu siku hiyo darasa zima likawa linaziita chupa hizo yenye kunong’ona na yenye kugombana.

Mdundo ninaufundisha kwa kuazima kwa majirani zetu wa Kakamega. Isukuti, densi ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, huchezwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Kwa kuwa shule yetu haina ngoma hizo, tunatumia mitungi ya plastiki ya lita 20, 10 na 5, na vijiti vilivyozungushiwa vipande vya tyubu ya baiskeli ili visiumize masikio. Mtungi mkubwa hupiga taa, taa, taa. Ule mdogo hujibu kwa ta-te, ta-te. Na wa wastani hukaa katikati na taa-aa yake ndefu. Haya majina ya midundo tunayatamka mdomoni tu. Alama zake za kuandikwa hazina haraka. Mitungi ni michache na watoto ni wengi, hali ambayo wenzangu huilalamikia, lakini mimi naiona kuwa na faida yake, kwani anayesubiri zamu hana budi kuisikiliza sehemu yake isije ikampita.

Mzee mmoja mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, alipotutembelea, nilimwomba apige kwanza bila maelezo, nikawaagiza watoto wahesabu sauti zote zinazotoka kwa mtu huyo mmoja. Uimbaji wake na nyuzi nane walivitaja papo hapo. Pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, inayogonga mwili wa ala, waliitambua alipoombwa “Babu, rudia tena,” na njuga za mguuni zikawa za mwisho kabisa.

Kuimba kunakuja baada ya hayo, nako kuna tahadhari moja. Walimu wengi, hasa wa kiume, huanzisha wimbo chini mno, na watoto ambao sauti zao ni nyembamba huishia kunguruma. Ninaanzisha juu kidogo kuliko ninavyostarehe mwenyewe, na nyimbo za mwanzo huwa na sauti mbili tu za ngazi ya do-re-mi, so na mi, ambazo watoto wengi huzipata kwa urahisi, halafu ninaongeza la.

Mvua ya alasiri ya Kisumu ikianza kupiga mabati, hakuna kinachosikika, na zamani ningekifuta kipindi. Siku hizi ndipo ninapotumia ishara za mikono zilizobuniwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na baadaye kuenezwa na wafuasi wa Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria: ngumi kwa do, kiganja kilicholala kwa mi, kiganja kinachoelekea kifuani kwa so. Ninaonyesha so-so-mi, wanaiimba kichwani huku midomo imefungwa, kisha mvua ikipungua ninawaashiria waitoe. Mara nyingi hutoka kwa sauti ile ile niliyowaachia.

Kuhusu mitungi, mwalimu wa darasa la jirani alikuwa na haki ya kunung’unika, maana ukuta unaotutenganisha ni wa mbao. Tumekubaliana kwamba shughuli za ngoma ziwe nje, katika kipindi kinachotangulia mapumziko ya saa nne, na zile za chupa na za mikono zibaki ndani.