Naanza na maji, ufukwe baadaye: ninavyochagua pa kwenda Dar kwa siku moja

Mtu akiniuliza Jumapili twende ufukwe gani, namrudishia swali: mwezi una siku ngapi leo? Kunduchi ileile inayokupa maji ya kuogelea saa nne asubuhi wiki hii, wiki ijayo saa hiyohiyo inakupa mchanga mtupu, majani ya bahari na mwendo mrefu kabla hujalowesha goti. Watu wanarudi wakisema ufukwe mbaya, kumbe walikwenda maji yamekupwa.

Hesabu ni nyepesi. Kwa Dar, siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu baada ya hapo, maji hujaa kwenye saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na alasiri. Hupwa saa nne hadi tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 9 za mwezi wa Kiislamu, na tena 22 au 23, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi. Hayo ndiyo maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo ni kama mita 1, wakati kwenye bamvua hupita mita 3.

Baada ya hesabu ya kichwa nathibitisha kwenye jedwali la maji la simu, na hapo pana mtego. Jedwali likiandika 10:40, mtu wetu anasoma saa kumi na dakika arobaini, anafika alasiri. Hiyo ni saa nne na dakika arobaini asubuhi. Angalia pia kama jedwali limewekwa kwa saa za Tanzania. Likiwa la saa za kimataifa, ongeza saa 3.

Sasa ufukwe. Siku za maji mafu sichagui sana: Mbezi, Kunduchi, popote karibu na nyumbani panafaa, na wenye watoto wadogo huzipenda siku hizi kwa sababu maji hayaendi mbali wala hayarudi kwa kishindo. Siku za bamvua, kama nataka kuogelea kabla ya mchana, navuka kwenda visiwani. Bongoyo boti zake ziko Slipway, Msasani. Mbudya zinaondokea upande wa Kunduchi. Visiwa vyote viwili ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio juu ya nauli ya boti. Uliza kabla ya kupanda kama bei uliyotajiwa ina vyote viwili, kwenda na kurudi. Ufukwe wa kuogelea uko upande unaotazama bara, umekingwa na mawimbi, na unaingilika hata maji yakiwa yamekupwa.

Kigamboni, kuanzia Mji Mwema kwenda kusini, napenda mchanga wake mpana, ila ni bahari wazi na mawimbi yake si ya mchezo, hasa wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini. Bagamoyo ni mbali kidogo, kama kilomita 70, na ghuba yake ni tambarare mno: nenda kwa ajili ya mji wenyewe, kuogelea iwe ziada ya alasiri ya bamvua. Na Coco? Coco nenda ukale mihogo. Mawe yake yana ncha, na maji yakijaa mawimbi yanakurudisha juu ya hayohayo mawe.

Upepo nao una kauli. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huwa kali, na mara nyingi asubuhi kumetulia kuliko alasiri. Kwa kisiwani, basi, panda boti saa tatu na urudi mapema, kabla bahari haijachafuka na kuwalowesha nyote njiani. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu ufukweni. Likikaliwa kama mto halimsaidii mtu.

Kitu kinachowaponza wengi ni kasi ya maji yanayojaa. Yakianza, saa ya kwanza huoni kitu. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: kwenye bamvua ya mita 3, yanapanda karibu sentimita 75 kwa kila saa. Aliyetembea kwenda kwenye fungu la mchanga akipiga picha anageuka na kukuta mfereji nyuma yake unamfika kiunoni. Mimi nikitoka kwenye mawe au fungu, naanza kurudi maji yanapogeuka tu. Na yanapopwa kwa nguvu sikai karibu na mlango wa mwamba, yaani pale mwamba ulipoachia uwazi, kwani maji yote ya ndani hutokea hapo na humbeba mtu.

Mkeka utandike juu ya ule mstari wa majani makavu yaliyoachwa na maji. Chini yake maji yatafika tu. Begi la kila safari lina lita 2 za maji kwa kila mkubwa, kanga mbili, na yeboyebo zenye mkanda wa nyuma kwa kila mtu, kwa sababu ya wale wadudu wa miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye mashimo ya mwamba. Mwiba ukiingia na kuvunjika usiuchimbe kwa sindano palepale. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, nusu saa au zaidi, maumivu yapungue. Mwiba ukiwa umezama ndani au uko kwenye kiungo, nenda zahanati.

Kurudi kutoka Kigamboni Jumapili, ama uwe kwenye pantoni kabla ya saa kumi, ama ulipie Daraja la Nyerere utokee Kurasini. Kati ya saa kumi na moja na saa moja, foleni ya pantoni inakula jioni yote.