Leseni imeisha, sijalipia tena

Kompyuta ya nyumbani kwetu ni ya wote: mimi na kazi zangu, mdogo wangu na muvi zake, watoto na gemu. Leseni ya antivairasi (programu ya kuzuia virusi vya kompyuta) niliyoilipia ilipokaribia kuisha, vidirisha vya "lipia sasa" vikaanza kuniandama kila nikiwasha mashine. Nikaiondoa. Windows Defender, inayokuja bure ndani ya Windows 10 na 11, ikajiwasha yenyewe. Kumbe hujizima tu ukiweka antivairasi nyingine.

Adui wetu mkubwa ni flashi za kutoka steshenari za kuprinti. Majuzi mdogo wangu karudi na flashi imejaa shotikati (alama za njia ya mkato tu), mafaili yenyewe yamefichwa. Defender ikavidaka virusi palepale.

Sisemi za kulipia hazina maana. Nyingi zinakupa VPN (njia ya kuficha mawasiliano yako mtandaoni), kitunza nywila na ulinzi wa simu. Ofisi yenye mashine nyingi ningeishauri ilipie. Ila na ya bure nayo ichunguze: mwaka 2024 FTC, tume ya Marekani inayolinda watumiaji wa bidhaa, iliiamuru Avast, kampuni yenye antivairasi ya bure, ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake. Na hizo za kulipia "zilizokrakiwa" (zilizovunjwa kufuli zitumike bila kulipa) mnazorushiana kwenye magrupu, jamani, mara nyingi kirusi ndicho hichohicho!

Hela ya leseni nimeongezea nikanunua hadidiski ya nje. Picha za familia nazinakili humo kila mwisho wa mwezi, kisha naichomoa, maana virusi vya kudai fidia hufunga hata mafaili ya diski iliyochomekwa.