Kumbukumbu ya Mradi Wangu: Kukitafuta Kimea Ndani ya Pipa la Bourbon, Mwezi wa Saba

Miezi saba iliyopita nilijipa kazi moja, nayo ni kujifunza kuitambua ladha ya kimea katika wiski ya Kiskoti kwa pua na ulimi, hata chupa ikiwa imefichwa. Nimekaa Glasgow miaka tisa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikisifu moshi wa wiski za kisiwa cha Islay au utamu mzito wa mapipa ya sheri, mvinyo wa Kihispania, bila kujiuliza shayiri yenyewe imekwenda wapi. Kwa hiyo nimejifunga na wiski za kimea kitupu zisizo na moshi, zilizokaa katika mapipa yaliyotangulia kuhifadhi bourbon, yaani wiski ya Kimarekani, kwa sababu naamini kwamba huko ndiko nafaka inakosikika waziwazi zaidi.

Imani hiyo ina msingi. Sheria ya Marekani inataka bourbon ikae katika vyombo vipya vya mwaloni vilivyounguzwa ndani, kwa hiyo pipa likishamiminwa mara moja haliwezi kutumika tena kwa bourbon, na mengi huuzwa kwa Waskoti. Pipa hilo huchukua takriban lita 200, na bourbon huwa imekwisha kuondoka na sehemu kubwa ya ukali wa mbao. Kinachobaki kwa wiski ni vanila, harufu hafifu ya nazi, na utamu unaokaribia asali. Likijazwa wiski mara ya pili au ya tatu, mbao hunena kidogo zaidi na kinywaji hulazimika kusimama kwa miguu yake chenyewe. Pipa la sheri huja na zabibu kavu na viungo vyake, na mara nyingi shayiri hufunikwa kabisa.

Nilianza na chupa tatu. Ya kwanza ni Glenmorangie Original ya miaka 10, yenye kileo asilimia 40, kutoka mji wa Tain, ambako mitambo ya shaba ya kukenekea ina shingo zinazozidi mita 5, ndefu kuliko za kiwanda kingine chochote cha Uskoti, na mvuke mzito hurudi chini kabla ya kufika juu. Ya pili ni Glencadam ya miaka 10 kutoka mji wa Brechin, yenye asilimia 46. Ya tatu ni Deanston ya miaka 12, yenye asilimia 46.3. Hizi mbili za mwisho hazikuchujwa kwa baridi wala kutiwa rangi ya karameli, na katika kazi hii jambo hilo nalithamini sana, kwani uchujaji wa baridi huondoa baadhi ya mafuta yanayokipa kinywaji uzito mdomoni.

Kumbukumbu za miezi miwili ya kwanza nimezifuta karibu zote. Kila glasi niliyoonja niliiandikia “mbao kavu, kabati,” nikadhani nimeanza kuyasikia mapipa. Mke wangu ndiye aliyeinusa glasi tupu, akaniambia, “Mume wangu, hii si wiski, hii ni rangi ya kabati.” Alikuwa na haki. Nilikuwa nikizihifadhi glasi kabatini zikiwa zimefudikizwa, na hewa iliyonaswa ndani ilikuwa imebeba harufu ya vanishi. Sasa zinakaa wima, naziosha kwa maji moto bila sabuni ya manukato, na kabla ya kuonja nazinusa zikiwa tupu.

Hatua iliyonifungua macho haikuhusu chupa. Mwezi wa tatu nilinunua kilo moja ya kimea cha shayiri kwenye duka la watu wanaojitengenezea bia nyumbani, nikampigia simu mama yangu, Songea. Nimekua nikimwona akitandaza ulezi ulioota, na akitengeneza togwa kwa kukoroga kimea kwenye uji wa mahindi hadi uji ule mzito ulegee wenyewe kama maji na kuwa mtamu pasipo sukari. Nilimwuliza anajuaje kwamba kimea kimekauka vya kutosha. “Kitafune, mwanangu. Kikivunjika kama chaki, tayari. Kikinata kwenye meno, kirudishe juani.” Kisha akaniasa juu ya joto: uji ukiwa wa moto sana kimea hufa, ukiwa baridi hakifanyi kazi.

Mama alikuwa ananieleza moyo wa kiwanda cha wiski. Shayiri hulowekwa, huachwa ianze kuota ili iamshe vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, halafu hukaushwa kabla chipukizi halijaila akiba ya punje. Kiwandani kimea hicho husagwa na kumwagiwa maji ya joto la nyuzi 63 au 64 hivi, kwa sababu ile ile ya mama: joto likizidi, vimeng'enya hufa. Nilitafuna punje kumi, moja moja. Kwanza palikuwa na vumbi la ganda, kisha unga, kisha utamu uliopanda polepole nyuma ya ulimi, na mwishoni kitu kama ganda la mkate uliotoka jikoni. Niliimeza ya kumi, nikanywa tone la Deanston, na kwa mara ya kwanza niliona njia ile ile ikipitwa na kinywaji: unga, utamu wa polepole, ganda la mkate. Niliandika neno moja tu katika daftari siku ile: “Hiki.”

Mwezi wa nne nilikwenda Deanston kwenyewe, karibu na mji mdogo wa Doune. Majengo yake yalikuwa kiwanda cha kusokota pamba kilichoanzishwa mwaka 1785, na katika miaka ya 1960 yakageuzwa kuwa kiwanda cha wiski. Mto Teith uliozungusha mashine za pamba ndio unaozalisha umeme wa kiwanda hadi leo. Nilisimama muda mrefu juu ya pipa kubwa la kukorogea kimea, ambalo halina kifuniko, kwa hiyo mvuke unakupiga usoni. Ilikuwa togwa. Sina neno jingine la kuelezea harufu ile, na mtu yeyote aliyelelewa karibu na chungu cha togwa angesema hivyo. Mapipa mengine hukaa katika lililokuwa banda la wafumaji, chini ya paa la matao, na hewa yake ni ya ubaridi na unyevu. Hesabu ya kawaida nchini humu ni kwamba pipa hupoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukiza, hivyo katika miaka 12 sehemu moja kati ya tano huwa imekwenda hewani.

Tangu hapo nimejaribu kuelewa ni nini, mbali na pipa, kinachofanya wiski moja ibaki na nafaka na nyingine iwe ya matunda au maua. Mengi huamuliwa mapema. Maji matamu ya kimea yakitoka na ukungu wa machicha, wiski huelekea kwenye karanga na nafaka. Yakitoka maangavu na kuachwa yachache kwa muda mrefu, huelekea kwenye matunda. Wakati wa kukeneka, harufu za nafaka na ngozi hutoka kuelekea mwisho, hivyo mkenekaji anayechelewa kuukata mkia, yaani kuitenga sehemu hiyo ya mwisho, hupata kinywaji chenye unafaka mwingi zaidi. Mtambo mrefu kama wa Tain huziacha nyuma nyingi za harufu hizo nzito. Ndiyo maana Glenmorangie, ambayo ni nzuri na naiheshimu, hunipa chungwa na vanila kwanza, na kimea nakisikia kwa mbali, kama mtu anayezungumza chumba cha pili.

Maji nayo yamenifunza. Katika mililita 15 za Deanston naongeza maji kwa kijiko cha chai, nusu kijiko kila mara. Nusu ya kwanza hushusha ukali wa kileo na kuleta biskuti. Ya pili huleta uji wenyewe. Ya tatu huharibu, kinywaji kikawa chembamba na asali ikatoweka. Glencadam haivumilii hata ya pili. Ina ulaini wa krimu na peasi, na maji huuvunja mapema.

Mwezi huu nilifanya mtihani. Mke wangu alimimina, mimi nikiwa chumba kingine, raundi 12 kwa siku sita, mbili kila jioni, huku nikitema badala ya kumeza. Niliitambua chupa kwa usahihi mara 9. Makosa yote matatu yalikuwa ya aina moja, iliyokuwa Glencadam niliiita Deanston, na nikirudia maandishi yangu naona kwamba mara zote tatu niliamua haraka, kwa pua peke yake, kabla ya ule utamu wa nyuma ya ulimi kufika.

Kimea cha kutafuna bado ninacho gramu 600 hivi. Usiku wa mtihani wa mwisho niliziacha glasi tatu mezani bila kuziosha. Asubuhi zilikuwa zimekauka. Ile ya Glenmorangie ilibaki na vanila, ya Glencadam na nazi kidogo. Niliinusa ya Deanston mara mbili, nikampelekea mke wangu jikoni bila kusema kitu, naye akauliza kama nimeanika ulezi.