Gitaa la mtumba lililonichubua vidole

Gitaa hili nililipata Ngamiani, Tanga, kwa kubadilishana na redio yangu kuukuu na kuongeza shilingi 20,000. Bei rahisi, ndiyo, ila nyuzi zilikaa juu mno kutoka shingoni. Kubana kodi ya F, yaani nyuzi kadhaa kwa pamoja ili zitoe sauti moja, ilikuwa adhabu. Nikaichungulia shingo kama seremala anavyokagua ubao: imenyooka. Basi kosa lilikuwa kwenye kile kipande cha plastiki kinachobeba nyuzi darajani, pale zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Nikakichomoa, nikakisugua upande wa chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Chuma cha 12 kati ya vile vilivyopachikwa shingoni kiko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 hapo, unapunguza 2 kwenye hicho kipande. Nilisugua, nikarudisha, nikapima, mara tatu. Uzi mnene ukatulia milimita 2.5 juu ya chuma hicho cha 12. Ukizidisha, nyuzi zinagusa vyuma na kukwaruza, na plastiki iliyosagika hairudi.