Lotte kahamia kwetu, ila kachukua muda wake

Wiki iliyopita nilipost picha ya mbwa wangu kalala juani, watu wakauliza maswali mengi kuliko siku niliyopost harusi ya mdogo wangu. Huyo mbwa gani? Kakatwa miguu? Ni mtoto au ndo kashafika hapo? Wanauza wapi? Basi leo nguo zimekauka, watoto wako kwa jirani, nimekaa nawaelezea yote kwa mpigo mmoja.

Kwanza sijamnunua. Mwaka jana mwezi wa sita, ule wakati upepo wa Dodoma unapiga mpaka mchanga unaukuta kwenye wali, dada mmoja wa ofisini aliniambia kuna nyumba Area D wapangaji wake wageni walimaliza mkataba wakaondoka, mbwa wawili wakaachiwa mlinzi na hela ya chakula ya miezi michache, hela ikaisha, na mpangaji mpya anahamia mwisho wa mwezi na keshasema mbwa hataki kuwaona. Nikaenda kuangalia tu. Nasisitiza, kuangalia tu, hata boksi la kubebea sikwenda nalo.

Nikawakuta getini wamefungwa kamba ya katani, dume na jike, Otto na Lotte. Miguu mifupi, mwili mrefu, masikio yameanguka kama majani ya matembele yaliyokosa maji. Mbavu unazihesabu. Nyuma ya masikio kupe wamejipanga, wamenona kuliko mbwa wenyewe. Yule mlinzi mimi simlaumu jamani, maana alikuwa anagawana nao ugali wake na mshahara wenyewe ulikuwa unamfika kwa kuchelewa, na siku ile aliwafungua kamba yeye mwenyewe halafu akageuka kuangalia ukutani.

Sisi tumepanga Ilazo, vyumba viwili na sebule. Baba watoto akasema mmoja, tena huyo mmoja ni kwa heshima yangu. Otto nikampigia simu mama mkubwa yuko Mpunguzi, ana shamba la zabibu na kila akinipigia anawalalamikia panya wa ghalani. Akaniuliza, mbwa anakamata panya? Nikasema ndiyo mama, wakati sijui lolote. Nikajifunza baadaye kwamba sikudanganya sana.

Aina yao inaitwa dachshund. Ni Kijerumani, Hund ni mbwa na Dachs ni mnyama fulani wa Ulaya, ukoo mmoja na nyegere wetu huyu, anaishi kwenye mashimo. Hawa mbwa walizalishwa wawe hivi makusudi, wafupi wapate kumfuata huko shimoni, kifua kipana, sauti kubwa ili mwindaji aliyesimama juu asikie wamefikia wapi. Kabla yao kitu kirefu cha Mjerumani kilichowahi kuja Dodoma nadhani ni reli ya kati. Watoto wa mtaani kwetu wala hawakuhangaika na hayo, wakamwita Mchongoko, kama ile treni ya SGR yenye pua ndefu, na kwa kweli wamepatia. Jina la Lotte lenyewe liliwashinda watu wazima, mama muuza genge kaniuliza, "Lote? Lote lipi?" na mpaka leo sina jibu.

Sasa mwezi wa kwanza. Mimi nilijiandaa kupendwa, niseme ukweli. Nimemtoa mtu kwenye kamba, nimempeleka kwa daktari wa mifugo, kachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kapewa dawa ya minyoo, kupe nimewatoa mmoja mmoja kwa kibano nikiwa nimekaa kwenye kigoda mpaka mgongo unauma, nimemnunulia blanketi kwa sababu wenye manyoya mafupi hawa baridi ya mwezi wa saba inawapata kama inavyotupata sisi. Nikadhani atanifuata mkia unapiga. Akaingia chini ya cherehani akakaa huko. Wiki mbili! Anatoka usiku tukishalala, anakula, anakunywa, anarudi. Hakubweka hata mara moja, nikaanza kujiuliza kama sauti anayo. Ukishika ufagio anajikunyata. Baba watoto akipaza sauti kumwita mtoto aliyeko nje, Lotte anakojoa palepale alipo, na baba watoto wa watu anabaki kasimama na mikono yake hajui kakosa nini, siku ya tatu akawa anatoka nje ya geti kwanza ndo aite.

Na wageni sasa. Kila aliyesikia habari za mbwa mrefu alikuja kuona, kila aliyekuja alitaka ambebe, na mimi nilivyo mjinga namvuta kutoka chini ya cherehani nawaonyesha, huku usiku nakaa sakafuni namsemesha na kumpapasa nikiamini ndo namfariji. Mama jirani peke yake ndo hakutaka kumgusa, yeye ni Muislamu na wanawe wanaenda madrasa alasiri, akaniomba kwa utaratibu tu muda huo geti liwe limefungwa mbwa asije akawagusa kanzu, nikasema hakuna neno. Nikikumbuka sasa naona wale ndo watu pekee walioishi na Lotte vizuri mwezi ule.

Kule Mpunguzi je? Siku ya tatu simu inaita. "We mwanangu, huyu Mjerumani wako kaua panya wawili." Siku ya tatu! Wangu yuko chini ya cherehani. Wiki ya pili naambiwa Otto analala mlangoni kwa mama mkubwa, anamsindikiza shambani asubuhi, anakula ugali wa uwele na mlenda anaramba sahani mpaka inalia. Asubuhi mama mkubwa akifungua mlango anamsalimia kama anavyosalimia watu wote, "Mbukwa!" na mbwa anajibu kwa kubweka mara moja. Sauti hiyo nimeisikia kwenye simu, bonge la sauti, asiyemwona atadhani kuna jibwa la kazi pale.

Nilipata wivu jamani. Mbwa nimeokoa mimi, kupe nimetoa mimi, anayependwa ni mtu ambaye hata mbwa kuingia ndani anaona ni mambo ya kwenye tamthilia. Nikamuuliza, mama unamfanyaje? Akacheka. "Simfanyi kitu. Mlango uko wazi, akitaka ataingia, asipotaka shauri yake. Na mimi nina kazi zangu." Nikakata simu nimenuna.

Ila na mimi nilikuwa na langu la kumfundisha. Dokta aliponiuliza yule mwingine yuko wapi nikamjibu yuko kwenye shamba la zabibu, akaweka kalamu chini. Kumbe zabibu ni sumu kwa mbwa, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo, na huwezi kujua kwa mbwa yupi ni ngapi, mmoja atakula asidhurike na mwingine chache tu zikamlaza. Sisi tunaoishi na zabibu kuliko mkoa wowote nchi hii nani aliwahi kutuambia? Mama mkubwa hakuamini. Mbwa wa pale kijijini wanazunguka mashambani miaka yote, akasema. Ikabidi niende mwenyewe Jumamosi, nikakaa naye chini ya mti tukaongea, mwisho akakubali kwamba msimu wa kuvuna, na kwetu unakuja mara mbili kwa mwaka, Otto atafungiwa uani na makreti yanayobaki na zabibu zilizopasuka hayawekwi chini. Kalifuata hilo kwa ukali wake wote, nasikia vibarua sasa wanaogopa kudondosha punje.

Turudi Ilazo, maana huku ndo kulikuwa na shughuli. Wiki ya sita Lotte alishaanza kutoka mchana, mwanangu mdogo akawa anampandisha kwenye kochi waangalie katuni. Tukaona maendeleo hayo. Siku moja bodaboda ikapiga honi getini, Lotte akaruka chini kutoka kwenye kochi, na nikasikia kilio ambacho sijawahi kusikia kwa mbwa, kifupi tu. Mgongo ukajikunja, miguu ya nyuma ikawa inapishana kama ya mlevi. Shemeji alikuwepo, mtu wa huruma sana, tayari kashatoa diklofenaki yake ya goti anataka kumsagia kwenye maziwa. Nikampigia dokta kwanza, nashukuru Mungu nilipiga, maana akapayuka kwenye simu, dawa ya mtu usimpe mbwa, hiyo itamtoboa tumbo na kumharibu figo.

Tatizo ni uti wa mgongo. Hizi pingili zetu zina kitu laini katikati kinachozuia zisigongane, na mbwa wa umbo hili vile vitu vinazeeka mapema, vikikauka kuruka kidogo tu kinachomoka kimoja kinabana mishipa ya fahamu. Dokta akasema ni hadi mmoja kati ya wanne wa aina hii yanayemkuta maishani, na kwamba wangu kabahatika, miguu bado ina hisia. Dawa akatoa yake, ila dawa kubwa ni kutulia. Wiki 4 hatembei, haruki, hapandi ngazi, anatolewa kujisaidia tu na kurudi.

Utamtuliza wapi mbwa kwenye nyumba yenye watoto wawili? Nikakumbuka kitanda cha mtoto, kile cha mbao chenye fito pembeni, kilikuwa stoo kimejaa magazeti. Nikakishusha chaga mpaka chini kabisa, nikatandika godoro lake na lile blanketi, nikakiweka sebuleni kwenye kona ya dirisha. Kutoka nje nampitishia kanga chini ya tumbo nashika ncha zote mbili juu, ili nyuma kusining'inie, tunatembea hivyo mpaka kwenye mchanga, mimi nimeinama na yeye anaangalia pembeni kwa aibu. Kanga yenyewe imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone. Mara nne kwa siku. Majirani wamecheka wamechoka.

Na hapo ndo mambo yakageuka, maana dokta alikataza kubebwabebwa na kuchezewa, mwiko, mtoto akisogeza mkono kwenye fito anafukuzwa. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu aje hakuna aliyemgusa bila sababu. Yuko pale kwenye kona yake anatuangalia. Anaona ufagio unapita unafagia na haumpigi. Anaona baba watoto anapiga kelele za mpira na hakuna linalotokea, refa tu ndo anatukanwa. Anatuona tunakula, tunagombana kuhusu rimoti, tunasali, umeme unakatika tunatafuta mshumaa, unarudi tunashangilia. Wiki ya pili mle ndani nikaona analala chali. Wiki ya tatu, mtu wa mita ya maji kagonga geti, na kutoka kwenye kile kitanda ikatoka sauti, bonge la sauti lilelile la Mpunguzi, mwanangu kadondosha kikombe. Lotte mwenyewe akashtuka, akaangalia nyuma kutafuta nani kabweka.

Alipopona nilimtengenezea mteremko wa kupandia kwenye kochi, mbao mbili na zulia juu lisiteleze. Fundi seremala akaniuliza kwa upole mgonjwa ana umri gani. Nikasema ni mbwa. Akapandisha bei.

Krismasi tulimpeleka Mpunguzi waonane na kaka yake, nilikuwa na simu mkononi narekodi nikijua nitalia, maana kuwatenganisha kuliniuma na bado kunaniuma kidogo. Wakanusana, mbele, nyuma, wakazunguka mara mbili. Halafu Otto akarudi kwenye shimo lake la panya na Lotte akaenda kulala chini ya gari letu. Video ina sekunde 40 na nyingi ni mkia wa Otto ukitokeza ardhini.

Mvua zilivyoanza nilipanda matembele nyuma ya jiko, tuta moja zuri, kwa Dodoma hii ukipata mboga mlangoni unajiona tajiri. Juzi natoka na beseni la vyombo nakuta udongo unaruka. Lotte kazama tutani mpaka mabegani, miguu ile mifupi inafanya kazi kama trekta, miche imelala huku na huku. Nikapiga kelele, sijui niliita jina lake au niliita la Mungu, kelele za kusikika mtaa wa pili. Halafu hapohapo nikajishika mdomo, nikakumbuka, nikasema basi nimeharibu, atakojoa, atarudi chini ya cherehani tuanze upya.

Akatoa kichwa. Pua nzima udongo mwekundu, sikio moja limegeuka nje. Akaniangalia hivi, akapiga chafya, akarudisha kichwa shimoni akaendelea kuchimba.

Matembele nimepanda upya, safari hii kwenye ndoo.