Miezi Mitano, Kofia Moja: Nilivyouguza Mguu Nyumbani

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo habari ya mguu haieleweki. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yenyewe ni ya kukanyaga, Singer niliyoachiwa na mamangu, na pahali pangu pa kazi ni hapa Mombasa, karibu na Mtaa wa Biashara, pale leso zinapouzwa. Mtu akishanunua doti yake huja kwangu nikamkatia na kumpindia. Nimeifanya kazi hiyo miaka 22, mguu wa kulia ukikanyaga tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa hivyo daktari aliponiambia kwamba mguu wa kulia utapasuliwa, sikufikiria kisu wala maumivu. Nilichofikiria ni kwamba cherehani itanyamaza, na Ramadhani iko njiani.

Ugonjwa wangu ulikuwa kinundu kwenye shina la kidole gumba. Kila mwaka kilizidi kutokeza nje, na kidole kikazidi kuwalalia wenzake, mpaka kuvaa kiatu cha kufunika ikawa adhabu. Mamangu alikuwa nacho, na mamake pia. Siku zote niliilaumu cherehani, lakini daktari alinieleza kuwa mara nyingi ni umbo la mguu ambalo watu hurithishana, na viatu vinavyobana mbele hulizidisha. Akaukata mfupa ulio nyuma ya kidole gumba, akausogeza mahali pake, akaushikilia kwa skrubu mbili ndogo. Hiyo ilikuwa wiki ya pili ya Januari 2025. Nikaambiwa wiki 6 nitatembea kwa kisigino tu, ndani ya kiatu maalumu chenye soli ngumu, na habari za kazi tutazizungumza baadaye.

Tunakaa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, ghorofa ya kwanza. Anayezijua nyumba zetu anazijua na ngazi zake: nyembamba, zimesimama wima, na giza hata adhuhuri. Kabla sijatoka hospitali mwuguzi alinifundisha kutumia magongo. Unapopanda, tanguliza mguu mzima. Unaposhuka, magongo na mguu mgonjwa vitangulie. Nikaifanya wimbo ili nisisahau: "Mzima hupanda, mgonjwa hushuka." Siku ile ya kwanza nilipanda nikiimba kwa sauti, bwanangu yuko nyuma yangu amenishika kiuno, na watoto wa jirani wa chini wakawa wanaitikia. Kuanzia hapo, kila niliposhuka kwenda kliniki, walijipanga pale chini wakiningoja nianze.

Usiku wa kwanza ndio ninaotaka kuwatahadharisha mtakaopasuliwa. Magharibi mguu ulikuwa na ganzi bado, sihisi chochote, nikajiambia dawa ya maumivu ya nini? Nikaiacha. Saa nane za usiku ganzi ikaisha. Niliuma ncha ya leso mpaka alfajiri, kwa kuwa maumivu yakishapanda, dawa huchukua muda mrefu kuyashusha. Tembe zile humezwa kwa saa zake kama mlivyoelekezwa, ganzi ingalipo. Binti yangu akaandika saa zote kwenye karatasi akaibandika ukutani, na usiku kama ule haukurudi tena.

Wiki mbili zilizofuata niliishi chali, mguu juu ya mito mitatu ya sufi, uwe juu kuliko moyo, maana ndivyo uvimbe unavyoshuka. Ilikuwa kaskazi, na Januari ya Mombasa mnaijua. Feni ikizunguka, ni hewa ya moto inayozunguka. Stima zikikatika, hata hiyo haipo. Barafu niliizungushia kitambaa kikavu nikaiweka dakika 15 hivi, nikaitoa. Kuoga ni kwenye kigoda, mguu umefungwa nailoni na kunyooshwa nje ya beseni.

Wageni nilipata, Alhamdulillahi. Kwetu mgonjwa huzuriwa, na sikupata jioni hata moja ya upweke. Walikuja na uji wa ngano, na supu, na madafu. Mgonjwa haulizwi uji, nilivyoletewa ndivyo nilivyokunywa. Lakini niliseme na hili, kwa sababu liliniumiza: baadhi yao walikuja na habari. Fulani wa Majengo alipasuliwa kama wewe, hadi leo yuachechemea. Fulani jeraha lilioza. Waliyasema kwa mapenzi, wakiamini wananiliwaza kwamba si mimi peke yangu. Wakishaondoka, wao hulala usingizi, mimi hubaki na mguu wa yule wa Majengo kichwani usiku kucha.

Siku ya tisa nikamwambia binti yangu. Akawa anawapokea juu ya ngazi kwa adabu: "Karibuni sana. Mama leo hataki habari za magonjwa, mpeni za mjini." Nilihofia watu watakasirika. Hakukasirika mtu. Walikaa wakanipa za mjini: nani ameposa, nazi zimepanda bei Marikiti, arusi ya Ijumaa ilivyofana. Shangazi ya bwanangu, mtu mzima wa miaka themanini na kitu, alikuwa akija na bakuli la mbaazi na mahamri, akanihadithia Kibokoni ya usichana wake nyumba kwa nyumba, nani alikaa wapi na nani aliolewa na nani. Nilizaliwa mji huu lakini mengi niliyajulia kitandani.

Moyo haukunivunjika siku za maumivu. Nimeliwaza sana jambo hili. Siku ya maumivu mtu ana kazi, nayo ni kuvumilia mpaka saa ya tembe. Moyo ulivunjika wiki ya tatu, maumivu yalipopungua. Nyuzi zilikuwa zimetolewa, nikauona mguu wenyewe kwa mara ya kwanza: umevimba, una rangi ya zambarau, kidole kigumu kama kijiti. Mwuguzi akaniambia uvimbe unaweza kukaa miezi mingi na kwamba si dalili mbaya. Mimi nilichosikia ni "miezi". Nilirudi nyumbani, nikaugeukia ukuta, nikalia. Siku tatu sikutaka uji wala za mjini. Wateja wangu nilikuwa nimewapeleka kwa fundi mwenzangu, na Shaabani ilikuwa imeingia, msimu ambao sisi mafundi hupata riziki ya miezi mingine yote. Watu walinihimiza nifikirie mema. Lakini mema nitayafikiriaje, mikono imelala tu juu ya shuka?

Siku ya nne bwanangu aliporudi kutoka sala ya Alasiri alivua kofia yake akaiweka kitandani. Ni kofia ya mkono, ile yenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, kuukuu, ukingo umeanza kulika. Nikaishika. Mamangu alizishona kofia hizi kabla ya kununua cherehani, akanifundisha nikiwa msichana, nami nikaacha kwa sababu kofia moja nzuri huweza kumla mshonaji miezi, na cherehani ndiyo iliyoleta chakula. Nilimwambia: "Kofia hii imechoka." Akanijibu: "Basi nishonee nyingine. Wenda wapi wewe?"

Sijui kama alisema kwa makusudi. Siku ya pili binti yangu alininunulia kitambaa cheupe cha pamba, uzi, na sindano nyembamba. Nikachora kwa penseli, nikiiga nakshi ya ile kuukuu: kipande cha duara cha juu, na ukanda wa pembeni, vitambaa viwili viwili vimebebana. Halafu nikaanza kutoboa na kuzungusha uzi, tundu moja baada ya jingine.

Kazi hii haitaki mguu hata kidogo. Inataka macho, mwangaza wa dirishani na subira, na vyote nilikuwa navyo. Siku ya kwanza nilimaliza matundu sita na nikafumua mawili. Mwisho wa wiki ya nne nilikuwa natoa zaidi ya ishirini kwa siku. Nikajikuta nikiamka na haja ya kuamka. Adhana ya Alfajiri ya Msikiti wa Mandhry inapomalizika, nasali kwenye kiti, nanywa chai, nainua mguu, nashika kitambaa. Pwani FM inaimba taarabu pembeni. Jioni bwanangu hakuniuliza tena "mguu wasemaje?" Aliuliza tumefika wapi.

Na matibabu nikayatia humo humo. Daktari alitaka niwe nachezesha vifundo vya miguu mara kwa mara, ili damu isigande kwenye mishipa kwa sababu ya kulala sana. Nilikuwa nasahau. Basi nikaweka sharti: kila uzi ukiisha, kabla sijatunga mwingine, vifundo vyote viwili juu na chini mara 20. Baadaye nilipoelekezwa kukikunja kidole gumba kwa mkono ili kisigande, na kile kinauma kwelikweli, nikakitia kwenye sharti lile lile. Wenye kupasuliwa, tafuteni kazi ya mikono yenye vituo, mkafungamanishe mazoezi na vile vituo. Karatasi ya mazoezi peke yake ukutani haikunisaidia kitu.

Lakini kuwa na moyo si kujidanganya. Wiki ya tano shavu la mguu lilianza kunivuta na kuniuma, mguu ule ule. Mgeni mmoja akaniambia ni mawazo, nisitafute ugonjwa. Nilikuwa nimeambiwa wazi kwamba maumivu ya shavu la mguu, au kifua kubana, hayangojwi mpaka kesho. Nikashuka ngazi na wimbo wangu, tukapanda tuktuk, nikapimwa siku ile ile. Ilikuwa msuli tu. Nilirudi nimetulia, na utulivu ule nisingeupata kwa kujiambia kwamba hamna kitu.

Habari ya pesa nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko jeraha. Wanawake wenzangu wa chama, kile cha kuchangiana pesa kwa zamu, walikaa bila mimi, wakaamua zamu yangu, iliyokuwa ya Juni, iletwe Februari. Shoga yangu alinikabidhi bahasha, nikashindwa kusema. Na yule fundi mwenzangu aliyechukua wateja wangu alinitumia fungu kila Ijumaa, na hatukuwa tumekubaliana hivyo. Mwenyezi Mungu amlipe.

Wiki ya saba nilipigwa picha. Mfupa ulikuwa umeanza kushikana vizuri. Nikaruhusiwa kuvaa raba pana na kutembea kwa unyayo wote, pole pole, na kuambiwa kuwa jioni mguu bado utavimba. Ramadhani ilikuwa ndiyo imeingia tu. Nilifunga kwa idhini ya daktari, maana dawa nilikuwa nimeshaziacha. Cherehani nayo niliirudia mwezi ule, robo saa kwa siku, kisha nusu saa, mguu wa kushoto ukibeba kazi kubwa. Nilifikiri nitakuwa na haraka ya kurudi kama zamani. Sikuwa nayo. Kila siku niliacha pale mguu ulipoanza kupwita, nikapanda juu, nikauinua, nikashika kofia.

Idd ya kwanza haikuikuta tayari. Nilisikitika kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshajiahidi, lakini ukanda ulikuwa bado robo nzima na sikutaka kuulipua. Niliimaliza mwisho wa Mei, nikaifua, nikaitia wanga, nikaikausha juu ya bakuli ili ikae umbo. Bwanangu akaivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ya Idd ya kuchinja, mwezi wa Juni. Akasimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akasema, "Twende, tutachelewa."

Nilivaa viatu vya wazi, vipana, nikachukua buibui langu, nikamfuata. Pale chini watoto wa jirani walikuwa wameshavaa nguo zao mpya, wanangoja zawadi zao za sikukuu. Yule mdogo akanitazama mpaka nikafika kwenye kizingiti.

"Mama," akaniuliza, "mbona leo hukuimba?"